Maneno Yaliyolipiwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya maneno ya watu mashuhuri wa zamani. Wengi wetu huyaandika maneno kama hayo, tukayabandika ukutani, kisha tukayasahau. Lakini twaona kwamba neno lidumulo ni lile ambalo msemaji wake alililipia. Basi tutawataja watu watatu.

Wa kwanza ni Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika Maryland, nchi ya Marekani. Tarehe 3 Septemba 1838 alivaa nguo za baharia, akachukua cheti cha kuazima cha baharia aliye huru, akapanda gari la moshi mjini Baltimore. Cheti kile kilieleza mtu asiyefanana naye, lakini mkagua tikiti hakukitazama sana. Hivyo Douglass alitoroka, akafika New York. Mwaka 1857 alisema kwamba mwenye nguvu hatoi kitu asipodaiwa. Hakupata kutoa, wala hatatoa kamwe. Aliyasema hayo mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu mwingine.

Wa pili ni A. Philip Randolph, na habari yake yatuhusu sana sisi watu wa reli. Watumishi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman walikuwa Wamarekani weusi. Walitandika vitanda, wakang'arisha viatu, wakafanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi. Abiria waliwaita wote "George", kana kwamba hawakupewa majina na mama zao. Mwezi wa Agosti 1925 walianzisha chama, wakamchagua Randolph kiongozi, maana yeye hakuwa mtumishi wa kampuni, hivyo haikuweza kumfukuza kazi.

Ndugu, mambo hayakuwa rahisi. Wanachama walifukuzwa kazi, wengine wakaogopa, wengine wakachoka. Ikafika wakati wakabaki mamia machache tu kati ya maelfu. Lakini waliobaki hawakufunga mlango wa ofisi. Mwaka 1934 sheria ya reli ilibadilishwa, ikawapa haki ya kuchagua chama chao wenyewe, na mwezi wa Agosti 1937 kampuni ikatia sahihi mapatano. Mshahara uliongezwa na saa za kazi zikapunguzwa. Ilikuwa miaka 12 kamili.

Mwaka ule ule Randolph alisema kwamba uhuru haupewi mtu, bali hushindaniwa. Na haki haitolewi bure, bali hudaiwa mpaka itoke. Akaongeza kuwa mapambano hayo hayana mwisho.

Wa tatu ni wa hapa kwetu, Makhan Singh, aliyefanya kazi kubwa ya kuunda vyama vya wafanyakazi katika Kenya. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Jumba la Kaloleni, Nairobi, alisimama hadharani akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, bila kungojea. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka 11 na zaidi kwa neno moja! Na miaka miwili baada ya kutoka kwake, Desemba 1963, Kenya ilipata uhuru.

Sasa tujitazame wenyewe. Madai yetu ya malipo ya kazi za usiku yako mezani kwa wakubwa, huu ni mwaka wa pili. Wenzetu wengine wamekwisha rudisha kadi, wakiuliza mchango wao umezaa nini. Hatuwatukani, maana watoto nyumbani hawali matumaini. Lakini twawauliza: kama wale mamia machache nao wangalirudisha kadi, ni nani angalitia sahihi mwaka 1937?

Mvumilivu hula mbivu, lakini si mvumilivu aliyelala. Basi kila mmoja wetu mwezi huu alipe mchango wake, akamrudishe mwenzake mmoja aliyetoka. Hapo ndipo maneno ya wazee hawa yatakuwa yetu nasi.