Maji Hayabishi Hodi

Msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kufunga nyumba. Sina maana ya kutia kufuli mlangoni ukaenda kazini. Nina maana ya kuifunga nyumba kwa msimu mzima, ukijua kwamba nyuma yako atakuja mgeni ambaye habishi hodi wala haulizi mwenyewe yuko wapi. Mgeni huyo ni maji.

Mwishoni mwa Februari mwaka huu nilikwenda Rufiji, na kusema kweli nilitumwa. Binamu zangu, watoto wa mjomba wangu, walikaa kikao hapa Dar es Salaam wakaamua kwamba baba yao, ambaye amekwisha kupita miaka 70, sasa aache uvuvi na akiache kibanda chake cha mtoni moja kwa moja. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa redio katika ukoo, walidhani maneno yangu yatamwingia. Wakanichangia nauli. Nikapanda basi Mbagala hadi Ikwiriri, nikapanda pikipiki, na kipande cha mwisho nikatembea kwa miguu.

Nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa kifudifudi, anakunja mshipi kwenye kijiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia kufunga, au umekuja kunihamisha?"

Nikacheka, lakini kicheko chenyewe hakikunyooka. Nikavua viatu, nikauliza nianzie wapi.

Kwa wale ambao hawajafika kule, kibanda cha mjomba si nyumba ya kusimama chini. Ni dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Warufiji wamejenga madungu tangu enzi za mababu, wapate kulinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe na ndege, na wapate kulala juu wakati bonde limejaa maji. Mjomba huishi pale tangu maji yanapopungua hadi masika yanapokaribia. Huvua kambale na perege kwa mshipi na migono, huwabanika juu ya chanja, na wachuuzi huja kuwachukua.

Mto Rufiji una tabia yake. Maji yake mengi hayatokani na mvua ya pale pale. Hutoka mbali, Kilombero, Mahenge, na kwa njia ya Ruaha Mkuu hutoka hata nyanda za Iringa na Mbeya. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa Rufiji chini ya jua kali, mbingu nyeupe, na huku mafuriko yako njiani yanamjia. Ndiyo maana mzee wa Rufiji haangalii mawingu peke yake. Huuangalia mto wenyewe.

Mjomba alikuwa kijana wa miaka 17 mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalipokuja. Baada ya hapo serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Baba yake naye alihama. Alijenga nyumba juu kama alivyoagizwa, akalala humo kama alivyoagizwa, na msimu wa mlau ulipofika, yaani kilimo cha kufuata maji yanaporudi nyuma, akashuka bondeni na kusimamisha dungu lake. Watu wengi walifanya hivyo. Udongo ulioletwa na mto ndio uliowalisha, na mto huwezi kuuhamisha.

Tukaanza kazi. Nyavu tulizianua, tukazikung'uta, tukazipitisha kwenye moshi ili panya wasizipende. Ndoana zilipakwa mafuta, zikafungwa kwenye kitambaa, kitambaa kikatiwa kwenye kopo. Chanja tukaivunja, miti yake tukaifunga mzigo mmoja. Mtumbwi tuliuburuta mpaka chini ya mwembe ulio kwenye mwinuko, tukaufunga kwa kamba mara mbili na kuufunika nyasi ili jua lisiupasue.

Halafu tukapanda juu ya dungu. Mimi nikashika mlango, nikatafuta kamba ya kuufungia. Mjomba akaniambia niache. Akaanza kung'oa kuta. Kuta zile ni za mabua yaliyosukwa, zimefungwa kwa kamba za miyaa, na alizifungua moja baada ya nyingine, akazikunja, akanipa nishuke nazo. Mwisho zikabaki nguzo, sakafu na paa, na upepo ukawa unapita upande huu unatokea upande ule.

"Maji ukiyafungia, yatavunja," aliniambia. "Ukiyapisha, yatapita. Mimi nikirudi nguzo zangu nitazikuta."

Nilidhani tumemaliza. Akarudi juu na kibuyu kidogo cha chumvi na kiberiti alichokifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akavichomeka chini ya paa. Nikamuuliza ni vya nani. Akasema ni vya mtu yeyote atakayepitiwa na usiku mtoni.

Msikilizaji, wakati tunakunywa chai ndipo nilipotoa ujumbe niliotumwa. Niliupamba vizuri. Nilimweleza habari za mamba, habari za umri, habari za watoto wanaokosa usingizi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanirudisha Aprili ya mwaka 2024.

Mtakumbuka kwamba mwezi ule Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa. Mashamba yalizama, watu walikimbia nyumba zao. Mjomba alikuwa amechelewa kufunga. Alikuwa bado bondeni, akitoka kwa taabu juu ya mtumbwi wa jirani, na mtumbwi wake wa zamani ulikwenda na maji hadi leo. Nikamuuliza, mtu anayeujua mto kama yeye alichelewaje?

Akasema, "Zamani maji makubwa yakija, mto hubadilika rangi kwanza. Huwa mwekundu, huleta povu na matete. Ukiona vile unafunga. Safari ile yalikuja meupe. Sikuyatambua."

Maneno yale yalinikaa. Huko juu ya mto sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024, na mitambo yake tisa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115. Ni bwawa linaloweza kushika zaidi ya meta za ujazo bilioni 30 za maji. Bwawa lolote hutuliza maji, na maji yakitulia tope huzama chini. Yanayotoka upande wa pili hutoka yakiwa mepesi na safi zaidi. Mwaka ule wapo waliosema bwawa ndilo lililoleta mafuriko, na serikali ikajibu kwamba Rufiji imefurika tangu zamani na kwamba bwawa lilipunguza maji ambayo yangeshuka yote kwa mara moja. Mjomba hakutaka kuingia katika ubishi huo. Hata taa ya mwanawe hapa mjini inawaka, na anajua inawaka kwa nini. Alichosema ni kwamba alama aliyoachiwa na baba yake haisemi tena, na hakuna aliyempa alama nyingine.

Nikajitetea. Nikamwambia, lakini mjomba, matangazo yalikuwepo. Mimi mwenyewe nilisoma.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa hapa hapa, na redio yangu ya betri mbili. Ulisoma vizuri sana. Ulitaja meta za ujazo kwa sekunde. Nikawaambia wenzangu, huyo ni mwana wa dada yangu. Lakini hukusema maji yatafika wapi, wala siku gani."

Msikilizaji, nimefanya kazi hii miaka mingi, nimekosolewa na wakubwa na wadogo, lakini sijapata kukosolewa kwa upole namna ile. Na alisema kweli. Tangazo lile lililetwa chumba cha habari likiwa limejaa tarakimu, nami nikalisoma kama nilivyolipokea. Sikupiga simu kuuliza tarakimu hizo zina maana gani kwa mtu aliyelala juu ya dungu. Nilihakikisha kwamba nimetamka vizuri. Sikuhakikisha kwamba nimeeleweka.

Kwa hiyo leo sina lawama ya kumpelekea mtu mwingine kabla ya kujilaumu mwenyewe. Nina ombi. Wanaopima maji na sisi tunaotangaza tukae pamoja, ili tangazo la maji litaje kijiji, litaje siku, na litaje kitu ambacho mwenye kijiji anakijua: maji yatafika kwenye mwembe fulani, yatafunika njia fulani. Wazee wa bonde waulizwe, maana ndio wenye ramani hiyo, nao wanapungua. Kama tumeibadilisha lugha ya mto, basi tuwafundishe watu lugha mpya, na tuwahi.

Nanyi wenzangu wa mjini msidhani haya ni mambo ya Rufiji tu. Sisi tunaokaa karibu na Msimbazi tumeona Desemba 2011, watu wakipoteza maisha, na walionusurika wakipewa viwanja Mabwepande. Wengine baadaye walirudi bondeni. Mimi nyumba yangu iko mita chache kutoka kwenye kijito ambacho kiangazi unakiruka bila kukunja suruali, na ukutani sebuleni ipo alama ya maji niliyoipaka rangi juu yake ili wageni wasiione. Mjomba hufungua kuta zake jua likiwaka. Sisi husubiri maji yafike kitandani ndipo tutafute pa kuweka godoro.

Siku ya kuondoka tulipanda pamoja hadi Ikwiriri, yeye na mzigo wa nyavu, mimi na kuta za dungu kichwani. Kwa binti yake alinipa kijiti chenye mshipi. Alisema macho yake hayaoni tena tundu la ndoana jioni, na kwamba maji yakirudi nyuma ataangalia kama anashuka au hashuki. Akaongeza kwamba nikisoma tena tangazo, nimtajie ule mwembe.

Binamu zangu nimewaambia kwamba baba yao anajua kuondoka, na tusimfundishe kazi hiyo. Kinachotakiwa ni aambiwe mapema, kwa maneno yanayofika. Ahadi hiyo nimeiweka mbele yenu ili mniulize. Kwa leo nakomea hapo. Kwaherini.