Soma Tiketi Yako



Leo nina machache juu ya safari ya Kariakoo. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Wengi wetu huipanda kufuata bidhaa sokoni.

Nunua tiketi dirishani au kwa simu, siyo kwa mtu wa njiani. Mama mmoja alinunua kwa kijana nje ya stesheni. Kumbe tarehe ilikuwa ya jana, na jina la mtu mwingine! Treni ikaondoka, yeye akabaki na kapu lake.

Basi, ukipewa tiketi usiifiche upesi. Soma jina, tarehe, saa na namba ya behewa. Kosa likiwapo, sema papo hapo. Kitambulisho usikisahau.

Mjini utakutana pia na kadi. Kivuko cha Kigamboni, kwa mfano, hulipiwa kwa N-Card. Kadi ni kama kibuyu: kwa nje huoni kilichobaki ndani. Kila ukilipa, soma salio. Itunze kama fedha.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ili tusidanganywe. Tusome hata safarini.