Hamira Inayostahimili Baridi

Leo tuzungumze juu ya hamira.

Akina mama wanajua: hamira ya mkate ikipigwa na baridi hulegea, unga hauumuki. Lakini bia ya laga, itokanayo na shayiri, huchachushwa kwenye baridi. Hamira yake ni chotara. Mzazi mmoja ni jamaa wa hamira ya mkate. Wa pili, aliyempa mtoto ustahimilivu wa baridi, hakujulikana kwa miaka mingi.

Mwaka 2011 Diego Libkind na wenzake walitangaza kwamba wamempata Ajentina, katika misitu ya baridi ya Patagonia, kwenye uyoga wenye sukari uotao juu ya miti ya Nothofagus. Wamemtambuaje? Kwa macho hamira hufanana mno. Basi walisoma chembe zake za urithi, wakazilinganisha na fungu lile la chotara lisilojulikana asili yake: zikalingana kwa asilimia 99.5. Wakampa jina Saccharomyces eubayanus.

Je, msitu ule ungalifyekwa mapema? Ndugu mkulima, kabla hujashika shoka, kumbuka: msituni mna mali ambayo bado hatujaihesabu.