Mashine Usiyoijua: Tuipokee au Tuikatae?

(Mada iliyotolewa na mwanachama anayesimamia karakana ya kikundi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wenzangu wameshaeleza tulivyoanza, na mimi sitarudia. Nimeombwa niseme juu ya karakana yetu ya mashine za fotokopi hapa Kariakoo, na juu ya lile jambo ambalo limetugawa kwenye vikao: je, fundi wetu apokee mashine yenye jina asilolijua, au aikatae?

Labda mgeni atashangaa, akina mama wa kuweka na kukopa wanagombania mashine? Ndiyo, tunagombania, kwa sababu karakana ile ni hisa zetu. Shilingi ikipotea kule, inapungua kwenye gawio la mama anayeuza vitumbua sawasawa na langu mimi.

Wapo wanaosema, tubaki na Canon, Ricoh, Kyocera na zile nyingine tulizozizoea, basi. Na wapo wanaosema, mteja ni mteja, ukimfukuza leo kesho harudi. Wote wana hoja. Naomba nizichambue.

Nianze na hesabu. Hizi ni za mfano tu. Tuseme mashine tunayoijua tunaitengeneza kwa nusu siku, mteja analipa 40,000. Kwa siku tatu fundi amemaliza mashine sita, amepata 240,000. Sasa ikija ngeni, anahangaika nayo siku zilezile tatu, anatafuta spea Msimbazi, anatafuta Uhuru, na mwisho mteja analipa 80,000. Imepona, makofi tunapiga, lakini karakana imekosa 160,000. Na isipopona je? Mteja atasema, "Nilileta inawaka, ninyi ndio mmeiua." Hapo mnabishana hadi majirani wanatoka.

Kwa hesabu hiyo, wanaosema tukatae wanaonekana wameshinda. Lakini ngojeni kwanza.

Mashine zote hizi zina asili moja. Mmarekani mmoja, Chester Carlson, alifanikiwa kutoa nakala ya kwanza ya namna hii tarehe 22 Oktoba 1938, kule New York. Mashine ya ofisi iliyoleta mapinduzi, Xerox 914, ikatoka mwaka 1959. Tangu hapo njia ni ileile. Kuna dramu inayopewa chaji ya umeme. Mwanga unapita, maandishi yanabaki juu ya dramu kama alama za umeme zisizoonekana. Wino wa unga unanasa kwenye alama zile, unahamia kwenye karatasi, kisha karatasi inapita kwenye fyuza, yaani rola za moto, unga unayeyuka na kushika. Ndiyo maana kopi ikitoka unaisikia ina joto. Anayeelewa safari hiyo ya karatasi hapotei kabisa hata mbele ya mashine asiyowahi kuiona.

La pili, na hili wengi hatulijui: jina geni si lazima liwe mashine ngeni. Mama zetu waliofanya kazi maofisini au kufundisha miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka Gestetner, ile ya stensili, ukitoka hapo vidole vyeusi. (Kicheko) Kampuni ya Gestetner ilinunuliwa na Ricoh ya Japani mwaka 1995, pamoja na majina ya Nashuatec na Rex-Rotary. Mwaka 2001 Ricoh ikachukua na Lanier. Kwa hiyo mashine moja ikauzwa kwa majina manne matano, kila nchi na lake. Konica na Minolta zimeungana mwaka 2003, na mashine zao Ulaya utazikuta pia zimeandikwa Develop. Kyocera iliichukua Mita mwaka 2000, na ukikuta Utax au Triumph-Adler, fungua mlango, mara nyingi ndani ni Kyocera.

Kuna mama mwenye kibanda cha kutoa kopi karibu na Mahakama ya Kisutu. Kazi yake ni viapo, vyeti vya kuzaliwa na hati za kesi. Alituletea Nashuatec ya mtumba, karatasi inanasa kila baada ya kopi mbili. Vijana wetu wakasema, "Mama, hii hatuijui." Nikawaambia wasome kwanza kibandiko cha nyuma, kisha wafungue mlango wa pembeni. Kumbe ni Ricoh, na ya aina hiyohiyo tulikuwa nayo stoo, mbovu, tunaichomoa vipuri. Rola za kuvutia karatasi zikaingia bila kulazimisha. Jioni ileile mama akarudi kazini. Tungemkataa, angekosa kazi ya wiki, na sisi tungekosa mteja ambaye mpaka leo analeta wenzake.

Sasa nigeuze upande wa pili. Mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, alichukua mkopo hapa kikundini akanunua mashine iliyoshushwa kwenye kontena. Bei nzuri, rangi nzuri. Muuzaji akamwambia, "Chomeka tu, mama." Nyuma imeandikwa volti 120, maana ilitengenezewa Marekani. Umeme wetu ni volti 230. Alichomeka, ikalia mara moja, moshi, basi. Akaileta karakana. Sehemu ya kupokelea umeme imeungua, spea yake hapa mjini hatukuipata, na hata tungeipata, angehitaji transfoma ya kubeba zaidi ya wati 1,000, kwa sababu fyuza inakula umeme kama pasi. Tulimwambia ukweli: usitie hela nyingine hapa. Alilia. Kibanda hakikufunguliwa, marejesho yakasimama, na wadhamini wake wawili wakalipa miezi iliyobaki kutoka kwenye biashara zao za mchele na vitenge. Hawakumsimanga, na kwa hilo nawapongeza. Lakini wameumia, na tunajua wameumia.

Kwa hiyo, akina mama, swali la jina tunalijua au hatulijui halitoshi. Tumeona jina geni likapona, na tumeona mashine nzima ikageuka chuma chakavu. Mimi napendekeza tujiulize mengine.

Kwanza, kibandiko cha nyuma. Kisomwe kabla ya kitu chochote: namba ya modeli, volti, nchi ilikotengenezewa. Bila hayo mashine isichomekwe.

Pili, ndugu zake. Fundi atafute kama modeli ile inauzwa kwa jina jingine. Siku hizi namba ukiiandika kwenye simu unapata jibu. Na kuuliza si ujinga. Mafundi wa Kariakoo wakiombwa kwa adabu wanasaidiana.

Tatu, spea tatu: wino, dramu na fyuza. Tuhakikishe zinapatikana mjini kabla ya kufungua parafujo ya kwanza. Kwenye wino tusibahatishe. Kila wino una joto lake la kuyeyuka, ukitia usio wake maandishi yanapukutika ukiyasugua, au unagandia kwenye rola. Na ziko mashine ambazo kopo la wino lina chipu, ukiweka la kampuni nyingine linakataliwa.

Nne, karatasi ya makubaliano. Mteja alipe ada ya ukaguzi, aandikiwe risiti, na hali ya mashine iandikwe ilivyofika, pamoja na mita ya kopi ilizokwishatoa. Wote wawili waweke sahihi. Hapo hakuna "mmeiua ninyi."

Tano, kikomo. Mashine ngeni ipewe siku moja ya ukaguzi. Siku ikiisha hatujaona njia, mteja aambiwe waziwazi, arudishiwe mashine yake ikiwa nzima kama alivyoileta. Kumwambia mtu "sijui" mapema ni heshima. Kumwambia "njoo kesho" mwezi mzima, huku mitihani ya shule inakaribia na mwalimu anasubiri kopi, huo ni ukatili.

Sita, daftari. Kila mashine ngeni iandikwe: jina, ndugu yake, ugonjwa, dawa, bei ya spea. Ile siku tuliyoipoteza inakuwa ada ya shule. Ikija ya pili ya aina hiyo, si ngeni tena. Hata hizi tunazozizoea, kuna siku zilikuwa ngeni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na la mwisho, Ndugu Mweka Hazina, hili ni lako. Naomba mkutano uamue kwamba mkopo wa kununua mashine yoyote ya mtumba usitolewe mpaka karakana yetu ikaikague pale inapouzwa. Tutakwenda bure kwa mwanachama. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko machozi ya wadhamini.

Kuna atakayesema tunachelewesha maendeleo ya mtu. Sivyo, jamani. Miaka kumi tumejuana kwa sura, kwa nyumba na kwa watoto ndipo tukaaminiana fedha. Mwanachama mpya tunamuuliza anakaa wapi na nani anamdhamini. Hatumkatai kwa kuwa hatumjui, wala hatumkabidhi sanduku siku ya kwanza. Na mashine tuifanyie hivyohivyo.

Naomba kutoa hoja.