Hotuba juu ya Kijana Aendaye Kusomea Elektroniki



Twapenda kusema nanyi mlio wazazi na walezi, kwa kuwa ni ninyi mpatao barua za kijana aliyekwenda Chuo Kikuu kusomea uinjinia wa elektroniki. Barua ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya manung'uniko. Alidhani atapewa redio aifungue. Badala yake apewa hesabu asubuhi na hesabu jioni. Mzazi akiisoma huanza kuwaza kwamba fedha zake zapotea, na kwamba ni heri amtoe akajifunze kwa fundi.

Tusiharakishe hivyo. Hesabu hizo si ngeni kwetu makarani. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, Mjerumani wa miaka 21 aliyekuwa bado mwanafunzi, alieleza kanuni ya kwamba umeme uingiao katika kiungo cha nyaya ni sawa na utokao. Nani kati yetu aliyepata kufunga daftari la fedha asiitambue? Ila sisi tunalo sanduku la kuweka baki. Kiungo cha nyaya hakina, wala hakiogopi mkaguzi.

Sasa angalieni faida yake. Redio za zamani zilitumia valvu, yaani vyupa vyenye uzi uwashwao moto. Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walikuza sauti kwa kipande kidogo cha jemaniamu: ndiyo transista ya kwanza. Valvu zikatoweka katika redio za nyumbani. Fundi aliyezijua kwa mkono tu alilazimika kuanza upya. Aliyeijua kanuni ya Kirchhoff alikwenda nayo, kwa maana transista nayo huitii. Leo transista mabilioni hukaa katika kipande kilicho sawa na ukucha, na hakuna bisibisi iwezayo kuzifikia.

Hatusemi kwamba mkono si kitu. Katika maabara kijana huunganisha vyombo mwenyewe, na vipimo visipolingana na hesabu yake hutafuta kosa, kama karani atafutavyo senti tatu usiku wa mwisho wa mwezi.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha uinjinia kilianza mwaka 1973, shahada hiyo ni ya miaka 4. Basi barua ya manung'uniko ijapo, mwulizeni ni zoezi gani limshindalo, na mwanachama mwenye kijana wa mwaka wa tatu na amwombe amwandikie huyo mgeni.