Soya Inywe Maji Lini? Jibu Liko Kwenye Udongo



Kiu ya soya haiko sawa msimu mzima. Kabla ya maua, mmea huvumilia ukavu wa siku kadhaa, na mizizi hushuka chini kufuata unyevu. Mkulima anayewasha pampu kila jioni wakati huo analipia dizeli ili avune majani, tena mashina marefu hulala upepo ukivuma. Maji yenye faida ni ya tangu maua yachanue hadi punje zijaze maganda. Kiu wakati wa maua huyaangusha. Kiu wakati wa kujaza huacha punje ndogo, na mvua ikija baadaye haizirudishi. Soya iliyopandwa Aprili huchanua Juni hivi, mvua ndefu ikiwa mara nyingi imepungua.

Sasa udongo. Naivasha na Gilgil kuna mashamba mengi ya kichanga na changarawe nyepesi ya volkano, ambamo maji hupita upesi. Njoro kuna tifutifu yenye mfinyanzi. Kina cha mita moja ya kichanga huhifadhi takribani milimita 70 za maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya. Tifutifu hiyo nzito huhifadhi kama 170. Mizizi mingi ya soya iko katika sentimita 60 za juu, na maji hayo yakifika nusu ni wakati wa kuongeza. Soya yenye maua hutumia kama milimita 5 kwa siku ya jua kali. Kwa hiyo kichanga kinadai maji kila baada ya siku 4, tifutifu nzito baada ya siku 10. Wawili hawa wakifuata kalenda moja, mmoja atakausha na mwingine atazamisha.

Kuzamisha si jambo dogo. Vinundu vya mizizi vinavyoipa soya naitrojeni vinahitaji hewa. Maji yakituama, majani hugeuka manjano. Mkulima hudhani ni kiu, akaongeza maji.

Kipimo ni mkono. Chimba sentimita 30, fumbata udongo. Kichanga kisiposhikamana, mwagilia leo. Mfinyanzi ukivutika kama utepe kati ya vidole, ngoja. Ukifanya donge linalopasuka ukilibonyeza, zamu imefika.

Milimita 1 juu ya ekari moja ni kama lita 4,000. Tangi la lita 10,000 basi halilowi ekari nzima ila vumbi la juu. Mwenye tangi hilo kwenye kichanga afadhali aokoe thumuni ya ekari, ambapo litatoa milimita 20, kuliko kuigawa kiu shamba zima. Maji ya Ziwa Nakuru yasitumike kabisa, yana chumvi na magadi.

Punje zikishajaza maganda na majani yakianza kugeuka manjano yenyewe, pampu izimwe.