Kikohozi Kisichopona: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kamati imenitaka niseme machache juu ya saratani ya mapafu. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu ugonjwa huu hukaa kati yetu hali umejificha nyuma ya jina la ugonjwa mwingine, yaani kifua kikuu.

Dalili za magonjwa haya mawili zafanana mno. Yote mawili humletea mtu kikohozi kisichokoma, maumivu ya kifua, kukonda, na pengine makohozi yenye damu. Katika nchi yetu kifua kikuu ni kingi, basi mganga asikiapo kikohozi fikira zake huelekea huko kwanza, wala hakosei. Hatari huanza pale makohozi yapimwapo yasionekane vijidudu, kisha mgonjwa akapewa dawa za miezi 6, na asipopona akaanzishwa upya. Katika miezi hiyo uvimbe hupata nafasi ya kuenea hata kwenye ini, mifupa na ubongo.

Basi na tushike kanuni hii. Kikohozi kikipita wiki 2, mtu aende akapimwe makohozi. Vijidudu vikionekana, atumie dawa mpaka mwisho, kwani kifua kikuu hupona. Visipoonekana, au dawa zisipoleta nafuu, na aulize kwa adabu kama hakuna jambo jingine. Kadhalika tusipuuze sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu, wala nimonia irudiayo mahali pale pale.

Uchunguzi una hatua zake. Picha ya eksirei huonyesha kivuli, lakini haisemi ni kivuli cha nini. Picha ya CT huonyesha mahali kilipo na ukubwa wake. Mwisho hutolewa kipande kidogo cha nyama, kwa sindano ipitayo kifuani au kwa mpira mwembamba wenye taa upitishwao katika njia ya pumzi, kikatazamwe kwa darubini. Wako wasemao kuwa saratani ikiguswa na chuma huenea. Hofu hiyo imewachelewesha wengi. Bila kipande hicho daktari hawezi kuchagua dawa ipasayo.

Sisi wa Kitale tunayo Hospitali ya Wamalwa Kijana, na ndugu zetu wa Bungoma wanayo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Kutoka huko mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, yenye kituo cha saratani.

Uvimbe ukigunduliwa mapema, huweza kukatwa na mtu akapona. Ukiwa umeenea, ziko dawa za saratani na tiba ya mionzi, za kuupunguza na kurefusha maisha. Hata pasipo tumaini la kupona, maumivu yatulizwe kwa mofini. Kumwacha mzee akiugua usiku kucha si uvumilivu, ni ukatili.

Kuhusu chanzo, mwaka 1950 wataalamu wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kuwa wavutao sigara ndio wapatwao zaidi. Tumbaku imelimwa Malakisi miaka mingi na kuwapa watu fedha, lakini fedha hiyo haiondoi sumu yake. Hata hivyo, wasiovuta nao hupatwa, na moshi wa kuni jikoni huwadhuru mama zetu. Basi mgonjwa asihukumiwe kwa kuulizwa alivuta sigara ngapi.

Wazee wangu, chama hiki hakijashindwa kamwe kuchanga sanduku na gari la maiti. Naomba mkutano huu ufikirie kutenga sehemu ya mchango huo kwa nauli ya kwenda Eldoret na gharama ya picha, mtu angali hai. Kitale hata Eldoret ni yapata kilomita 70 tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tusiwe wa kusaidia kuficha.